Kijiko cha Nazmiye

Asubuhi mwanga huingia kwa dirisha la jikoni, na vumbi la chai huinuka kuulaki. Rasim akichota majani koponi, vumbi hilo huruka, jembamba, jeusi, likacheza kidogo mwangani, kisha likatua mezani, likatua mikononi mwake, likatua kwenye kiti alichokuwa akikalia Havva.

Havva alikuwa mkewe, na chai ya nyumba hii, hapa mlimani juu ya mji wa Rize, Uturuki, ilikuwa yake. Tangu azikwe, Rasim hujipikia. Huchemsha birika kubwa, huweka buli juu yake, hutia majani, humimina, husubiri. Chai hutoka na ukungu, nzito kama mto baada ya mvua.

Kila Jumapili huja shemeji yake Nazmiye, dada wa marehemu. Hunywa glasi moja, kisha hukilaza kijiko juu ya mdomo wa glasi. Kijiko kikilala hapo, basi, imetosha, usinimiminie tena. Enzi za Havva kijiko hicho kilikuwa hakilali mpaka jua lizame.

"Shemeji, hii chai au maji ya kuoshea zulia?" alisema Jumapili iliyopita. Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Funga nyumba uje ukae kwetu. Mtu asiyeweza kujipikia chai ataishije peke yake?"

"Nitaweza."

"Lini? Nikishakufa na mimi?"

Kijiko kikalala.

Ewe nyumba ya Havva, ufungwe kwa ajili ya chai?

Akapunguza majani, akaongeza. Akapunguza moto. Akasubiri zaidi. Ukungu ni ule ule. Jumapili ikafika tena, na asubuhi, akipangusa ukuta, mkono wake ukagusa chujio dogo lililotundikwa kando ya bomba. Siku zote alidhani ni la mchele. Akaliinua mwangani. Wavu wake ulikuwa wa kahawia, kahawia ya miaka.

Ndipo ikamrudia ile sauti: yeye yu kitandani bado, jikoni maji yanatiririka, kidogo tu, kisha kimya. Alidhani Havva anaosha glasi.

Kumbe alikuwa akiyaosha majani.

Akayatia majani chujioni, akayapitishia maji baridi, upesi, na vumbi likashuka, likaenda zake. Akayaweka yangali na maji ndani ya buli, mvuke wa birika uyapashe. Akamimina maji ya moto polepole. Akafunua: yanaelea. Akafunika. Akafunua tena: yamezama, yote yamezama, yametulia kama watu waliofika kwao.

"Leo unatabasamu, shemeji," alisema Nazmiye mlangoni. "Umeoa?"

"Kaa unywe."

Nazmiye akaiinua glasi dirishani. Nyekundu, safi, ile rangi ya chai nzuri wanayoiita huku damu ya sungura. Akanywa, akanywa mpaka chini. Akakishika kijiko, kikaning'inia juu ya glasi, na Rasim akakikodolea macho.

Kijiko kikashuka kisahanini. Kling.

"Ongeza," akasema, akiisukuma glasi. "Na usiizimue kwa maji mengi, mimi si mgonjwa."

Akaongeza. Akaongeza tena.

"Paa lako linavuja upande wa bondeni," akasema Nazmiye. "Mwite fundi kabla ya baridi. Hutaki kulala na ndoo mwaka mzima."

Mwanga ukaingia kwa dirisha la jikoni, na hapakuwa na vumbi la kuulaki. Ukapita katikati ya glasi, ukatoka mwekundu upande wa pili, ukakaa kwenye kiti cha Havva.