Gari la Mzee Pasipoti

Kwa miaka ishirini na saba Mzee Pasipoti alipiga picha za aina moja tu: uso mbele, masikio yote mawili yaonekane, usicheke. Jina alibandikwa na wateja, akalizoea. Siku hizi watu wanajipiga wenyewe kwa simu, na studio yake imebaki na kiti, pazia jeupe na vumbi. Basi mama mmoja mwenye yadi ya magari alipomwita amjaribu, mzee alikwenda mbio. Picha za gari moja zikipendeza, anapewa kazi ya magari yote. Zisipopendeza, studio inafungwa.

Na unajua alifanya nini? Akaliegesha gari alilopewa, jekundu, mbele ya ukuta mweupe, taa mbele, vioo vyote viwili vya pembeni vionekane, akapiga akiwa wima!

"Mzee," yule mama akasema akiitazama picha, "gari langu limekamatwa kwa kosa gani?"

Akampa mpaka jioni arekebishe. Mzee alirudi nyumbani amenywea. Mkewe alipoiona picha alicheka mpaka akashika mlango.

"Usinune, mume wangu. Wakati ule unanitaka, ulinipiga hivi?"

"Wewe nilikupiga kwa upande kidogo. Shavu moja karibu, jingine linajificha."

"Mbona mimi hukunibana ukutani?"

Mzee akainuka ghafla. Akachukua kamera, akarudi yadini bila hata kunywa maji.

Alilitoa gari ukutani. Nyuma yake kulikuwa na nguzo iliyoonekana kama imeota juu ya paa, akasogea hatua mbili ikapotea. Akasimama penye kona ya gari, uso na ubavu vionekane pamoja. Akakata usukani mpaka gurudumu la mbele likaonyesha rimu yake badala ya tairi tupu. Kisha akapiga magoti, magoti yakalia, akashuka hadi lenzi ikalingana na taa. Loo, gari likatunisha kifua! Kwenye mng'ao wa mlango wa gari alijiona mwenyewe amepiga magoti, shati nje, akajivuta pembeni. Mbele ya gari akaacha nafasi, lionekane lina pa kwenda. Jua lilikuwa limeshuka, likachora mstari mwembamba wa mwanga ubavuni. Mzee akapiga, akafurahi peke yake kama mwendawazimu.

Mwenye yadi aliitazama picha. Akairusha mtandaoni palepale. Chai haijapoa, simu ikalia. Alisikiliza, akaiziba kwa kiganja.

"Ni yule bwana aliyelikataa gari hili juzi. Anauliza hili jipya nimelileta lini. Nimwambie nini?"

"Mwambie ni lilelile," mzee akasema. "Siku ile alisimama vibaya."

Yule mama akacheka mpaka machozi. Alipomaliza na simu alimwonyesha kwa kidole safu nzima ya magari, kumi na tisa.

"Kesho asubuhi uanze na lile la mwisho. Na uvae suruali ya kuchafuka."

Mzee akashukuru, akainama kujipangusa vumbi magotini.