Mgeni wa Kifuani

Ilianzia mikononi. Njambi alikuwa kwenye safu ya nne ya kahawa, debe limefika nusu, vidole vikafa ganzi. Kisha moyo ukaanza kwenda mbio, kifua kikambana, na shamba zima likawa kama limesogezwa mbali naye. Hapakuwa na kitu. Jua lilikuwa limetoka vizuri, wanawake wenzake walikuwa wakipiga domo kama kawaida yao, na nyapara Kagwe alikuwa huko chini akigombana na mtu mwingine. Lakini Njambi alijua kwa hakika kwamba anakufa, kama alivyojua jana, na wiki iliyopita, na siku nyingi nyingine tangu mwaka wa hamsini na nne.

Watu wa shamba lile la Ruiru walikuwa na maneno yao. Wengine walisema amerogwa. Wengine, wale wanaoyajua ya watu kuliko wenyewe, walisema ni mzimu wa mumewe. Kagwe alisema ni uvivu, na Kagwe alikuwa na jibu hilo kwa kila kitu, hata kwa homa ya malaria. Hakuna aliyesema ni hofu, kwa sababu miaka ile hofu ilikuwa ya kila mtu, na kitu cha kila mtu hakihesabiwi kuwa ugonjwa.

Hofu ya Njambi ilikuwa na siku yake ya kuzaliwa. Asubuhi moja, wakati serikali ya kikoloni ikiwasaka waasi, watu walikusanywa uwanjani wakapitishwa mmoja mmoja mbele ya mtu aliyevikwa gunia kuanzia kichwani, limetobolewa matundu mawili ya macho. Mtu wa gunia, msaliti aliyefichwa uso ili awataje waasi, akitikisa kichwa, umekwisha. Alitikisa kwa Zacharia, mume wa Njambi, fundi wa cherehani asiyekuwa na neno na mtu. Zacharia akapandishwa lori. Miezi mitano baadaye ikaja habari kwamba amekufa katika kambi ya mahabusu kwa homa ya matumbo, na hata nguo zake hazikuletwa.

Njambi, mtoto wake wa miezi minane na mama mkwe wake wakahamishiwa kijiji kipya upande wa Gatongora, vibanda vimebanana, na wanawake wakaamrishwa wachimbe handaki kukizunguka. Mwenye mtoto mchanga alimlaza ukingoni juu ya shuka, akachimba huku akimtupia jicho. Siku moja akapita mtu wa gunia na askari wawili. Hakuwafuata wanawake, alikuwa akipita zake tu. Njambi alitupa jembe akakimbia. Alipopata akili alikuwa katikati ya kahawa, amelala kifudifudi, udongo mdomoni, na jua limeshuka. Mtoto alikuwa amemwacha ukingoni.

Mama mkwe ndiye aliyemwokota. Mtoto alikuwa akilia bila sauti, maana sauti ilikuwa imekwisha, na sisimizi walikuwa wamemjaa shingoni.

Sasa, Wakikuyu humpa binti wa kwanza jina la mama wa baba yake. Mama mkwe aliitwa Wangeci, na mtoto pia aliitwa Wangeci. Kwao hilo si jina tu. Nyanya na mjukuu wa jina moja ni mtu mmoja, na bibi yule alizoea kumtania Njambi kwa kumwita mama, kwani ndiye aliyemzaa upya. Jioni ile hakutania.

"Mtoto huyu ni mimi," alisema. "Siwezi kujiacha kando ya handaki."

Alipopata ruhusa ya kusafiri, akambeba mtoto mpaka Ngoliba, kwa binti yake aliyeolewa na Mkamba mmoja aitwaye Mwanzia. Njambi hakubisha. Angebisha nini? Yeye mwenyewe alijiona hafai, akaenda kutafuta kibarua cha kuchuma kahawa na kulala kwenye laini, zile safu za vibanda vya wafanyakazi.

Miaka miwili baadaye dresa, mganga msaidizi wa zahanati, alimpa chupa ya dawa ya maji, nyeusi kama chai ya rangi, kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni. Dawa haikuwa ya uongo. Iliunyamazisha moyo, na Njambi akalala usingizi aliokuwa ameusahau. Kosa lilikuwa lake. Siku ya kumwendea mtoto Ngoliba alijua lazima avuke kizuizi cha homugadi, walinzi weusi wa serikali, pale Thika, akanywa vijiko sita kwa mkupuo ili asiogope. Kweli hakuogopa. Alifika Ngoliba ulimi mzito, miguu haisikilizani, akamnyanyua mwanawe kwa furaha, akamwangusha.

Mama mkwe akamwokota mtoto kwa mara ya pili.

"Mara ya kwanza ulimwacha kwa hofu, leo umemwangusha kwa dawa," alisema. "Siku utakayokuja na macho yako mwenyewe, umesimama kwa miguu yako, nitakupa mtoto wako. Mbele ya Mungu nitakupa. Kabla ya hapo usije."

Njambi aliirudisha ile chupa kwa dresa ikiwa nusu. Dresa alimweleza kwa upole kwamba dawa si adui, shida ni kuzidisha kipimo tu, lakini Njambi hakutaka tena kuiona. Hofu ikarudi kwa hamaki yake yote. Ndiyo iliyomkuta pale safu ya nne, akachutama chini ya mti wa kahawa ameshika kifua, na hapo ndipo jirani yake wa laini alipomkuta. Huyu aliitwa Apiyo, mwanamke wa kutoka Nyanza, mke wa Jared wa mashine ya kumenyea kahawa.

"Imekuja?" Apiyo akauliza.

"Ninakufa, Apiyo."

"Jana pia ulikufa. Kaa chini."

Njambi akakaa. Apiyo naye akakaa, akanyoosha miguu kama mtu aliye kwake.

"Mimi pia iko na yangu," alisema. "Ilianza nilipozika mtoto wa tatu. Nilikuwa nakimbia mpaka kwa mto. Sikiza. Hiyo kitu ni mgeni hana adabu. Ukimfungia mlango atavunja. Ukikimbia atakufuata. Mpe kigoda akae. Lakini usimpikie."

"Kumpikia ni nini?"

"Ni kumwambia ndiyo, ninakufa. Ndiyo, ule mtu wa gunia anakuja. Hiyo ndiyo chakula yake. Akikosa ataenda mwenyewe."

Njambi alitaka kucheka, akalia. Apiyo akamwaga kahawa ya debe juu ya gunia tupu, akamwambia atoe zile mbichi, moja moja, asiruke hata moja. Kazi hiyo wachumaji wote waliifanya jioni, haraka haraka kabla ya mizani. Njambi aliifanya palepale, vidole vinatetemeka, nyekundu huku, kijani kule. Moyo ukaendelea kupiga kwa fujo. Hakuukataza. Kabla debe halijaisha, akagundua kwamba amepumua hadi tumboni.

Tangu siku hiyo, kila mgeni alipokuja, Njambi alikaa akachagua kahawa. Alianza kujua urefu wake, kwamba hupanda, hukaa, kisha hushuka, na kwamba hajawahi hata siku moja kumuua. Kagwe alipiga kelele wiki nzima, halafu akaona kahawa ya Njambi ndiyo safi kuliko zote, akanyamaza. Hata uvivu una faida yake, alisema, asionekane ameshindwa.

Kilichobaki kilikuwa njia. Kuchagua kahawa ni jambo moja, kuvuka kizuizi ni jingine. Basi Jumapili baada ya kanisa, Apiyo alimsindikiza hadi lango la shamba, wakasimama mpaka mgeni akaja na kuondoka, wakarudi. Baada ya majuma kadhaa wakafika darajani. Kisha stesheni ya Ruiru, kwenye watu wengi. Kisha akaenda peke yake. Siku moja alipanda basi mpaka Thika, akakitazama kizuizi kwa mbali, akapanda basi lilelile kurudi. Kwa mtu mwingine hiyo ni safari ya kijinga. Njambi alifika kwake amechoka kama aliyelima ekari nzima, akapika ugali, akala wote.

Isidhaniwe kwamba ilikwenda hivyo mpaka mwisho. Msimu wa mvua ndefu alianguka tena. Bomba la gari la polisi lilitoa milipuko miwili kama bunduki karibu na laini, na majuma matatu Njambi hakuvuka hata kizingiti. Alilia usiku na mchana. Aliitamani ile chupa kama mlevi. Apiyo alimletea uji, hakumsema, akamwambia tu kwamba waliofika stesheni wanaijua njia ya kwenda stesheni. Wakaanza tena langoni.

Ilimchukua miaka miwili kamili. Mwezi wa tisa mwaka wa hamsini na nane, Njambi aliomba pasi ya kusafiri, akavaa rinda lake la kanisa, akatia kwenye kiondo sukari, ndizi mbivu na kigauni alichokishona kwa kukisia kimo cha mtoto.

Pale kizuizini mikono ilianza.

"Wewe mama, pasi iko wapi?" homugadi akauliza. Alimtazama vidole. "Mbona unatetemeka? Nini unaficha?"

Hilo ndilo swali alilokuwa akiliota miaka minne. Njambi alisimama sawasawa.

"Sijaficha kitu. Mimi hutetemeka. Ngoja kidogo, itaisha."

Homugadi hakuwahi kupewa jibu kama hilo. Alipekua kiondo, akakuta kigauni, akakikunja tena vibaya vibaya. "Haya, pita," alisema, na Njambi akapita.

Lori la mkonge lilimbeba mpaka Ngoliba. Dereva alimwambia atageuza baada ya saa moja, asichelewe. Mama mkwe alikuwa nje akipepeta pojo. Hakumsalimu kwanza. Alimjia, akamtazama ndani ya macho, akamnusa mdomo kama mtu anayekagua maziwa.

"Umekunywa nini?"

"Chai, maitu," Njambi akasema, akimwita mama kwa Kikuyu.

"Imekwisha, hiyo yako?"

Njambi angeweza kudanganya, na hakuna ambaye angemlaumu. "Haijaisha," alisema. "Huja. Leo imekuja mara tatu."

"Na ukafanya nini?"

"Nimengoja ikaenda. Sikimbii tena."

Bibi akaweka ungo chini. Kisha akaingia ndani, akaanza kukusanya nguo za mtoto, na Njambi akamsikia akilia huko ndani pasipo kujificha. Alikuwa ameapa mbele ya Mungu, na hakuwa mtu wa kupindisha neno lake. Alitoka na kifurushi, akamshika mtoto mkono.

"Huyu ndiye mama yako aliyekuzaa," alimwambia. "Sasa mtakwenda pamoja kwake Ruiru."

Wangeci mdogo alikuwa anakaribia miaka mitano. Alikuwa na paji la uso la Zacharia, pana hivi. Mtoto hakulia. Hakusema neno. Alisimama tu palepale alipowekwa.

"Mtoto mtulivu sana huyu," alisema Mwanzia, aliyekuwa akifunga mbuzi. "Hana kelele kama hawa wangu. Wageni wakija hukaa hivyo hivyo mpaka waende."

"Umeona?" mama mkwe akasema, akijipangusa macho. "Amekubali."

Njambi alipiga magoti akamshika mwanawe mkono. Kiganja kilikuwa cha baridi na kimelowa jasho, na jua la Ngoliba lilikuwa linachoma. Vidole vilikuwa vimekakamaa. Akatazama midomo ilivyoachana kidogo, pumzi fupi fupi zinazoishia shingoni, macho yaliyokuwa yakimtazama bila kumwona. Akaweka kiganja chake juu ya kifua kile kidogo. Moyo ulikuwa ukienda mbio kama kuku anayeshikwa. Wote waliokuwa pale waliona mtoto mwenye adabu. Njambi peke yake ndiye aliyejua anachokitazama, na alijua pia kilianzia wapi, kwenye shuka, kando ya handaki.

Lori likapiga honi barabarani.

Angeweza kumbeba. Alikuwa na haki, na ahadi, na miaka yake minne. Mtoto angenyamaza mpaka Ruiru, na watu wangesema hakusumbua hata kidogo. Njambi alimshika mkono ule kwa muda, kisha akauachilia, akalifungua fundo la kifurushi.

"Hataenda leo, maitu."

"Unasema nini?"

"Atakaa nawe. Nitakuja kila mwezi nikipata pasi. Nitakaa hapa nje, mbali kidogo, mpaka siku atakayonisogelea mwenyewe."

"Nimekupa mtoto mbele ya Mungu, nawe unamkataa?" Sauti ya bibi ilipasuka. "Umetembea njia yote hiyo kuja kumkataa?"

"Simkatai," Njambi alisema, na machozi yakamtoka asiyafute. "Anaogopa, maitu. Hivyo ndivyo anavyoogopa. Mimi ninajua."

Bibi alimgeukia mtoto, akamtazama kama anayemwona mara ya kwanza, kisha akakaa chini vumbini. Wangeci mdogo akamsogelea, akamshika kitambaa cha kichwa.

"Cucu," alimnong'oneza nyanya yake, "huyo mama anaenda?"

"Anaenda."

Mtoto akashusha pumzi, ndefu, ya mtu aliyetuliwa mzigo, mabega yakalegea, akakimbilia mbuzi wa Mwanzia. Njambi aliisikia pumzi ile ikishuka. Alikuwa ameingoja kwa kifua chake mwenyewe, akaomba ije, na ilipokuja ikamuuma kuliko gunia, kuliko handaki, kuliko kitu chochote. Akaweka kigauni juu ya kifurushi, akapanda barabarani kabla lori halijageuza.