Anwani ya Kujiandikia

Mama Injinia, jirani yetu wa ukuta mmoja, anasema nimeua sistimu ya kliniki ya macho kwa kidole. Anasimulia bombani, ndoo yake imejaa inamwagika, kwamba mwanawe alishamaliza kazi, matroni wa kliniki kakaa kitini tayari kupiga makofi, ndipo mimi mfagiaji nikajipenyeza na mikono yangu ya deki, nikabonyeza nisipoambiwa, sistimu ikazimia. Anaongeza chumvi: eti nilimtaka mwanawe akanikataa, ndiyo maana. Nimtake yule! Mtu ambaye hata kikombe alichonywea hajui kukirudisha jikoni.

Mama yangu alinishika mkono nisimjibu. Sikuwa na nia. Ukimjibu Mama Injinia unampa kiitikio.

Ilivyokuwa ni hivi. Ofisi ya kutengeneza tovuti anakofanya kazi huyo mwanawe, Injinia, ndiko napika chai na kupiga deki, mwaka wa tatu sasa. Shule niliishia darasa la saba. Lakini anayepiga deki chini ya meza za watu huona kompyuta zao zote, maana hakuna anayemfichia mfagiaji kitu.

Mwezi mzima Injinia alikuwa na kadi moja kwenye kioo cha kompyuta yake, ile ya kuthibitisha miadi ya mgonjwa. Kadi peke yake katikati ya weupe, haina juu wala chini. Wenzake wanasema ndivyo kazi ilivyo: kipande kinatengenezwa kando, kikikamilika kinaenda kuunganishwa na tovuti ya kliniki. Hapo sina neno; hata fundi cherehani hushona mkono wa shati peke yake. Ila kadi ile lazima idhani iko ndani ya tovuti, na mgonjwa kaifikia kutoka ukurasa mwingine. Basi Injinia akaidanganya. Aliiandikia anwani ya ukurasa kwa mkono wake, na mwisho wa anwani akatia 7, namba ya mgonjwa wa kubuni. Kadi ikasoma 7, ikatoa jina, siku, saa na daktari. Akibonyeza ENDELEA haendi popote, chini kinatokea kimstari tu: "Ameelekezwa ukurasa wa asante."

"Umeona, dada wa chai?" akajipiga kifua. "Anaelekezwa!"

"Mbona bado yuko palepale?"

"Ah, haya hayafiki darasa la saba." Akaninyooshea kikombe bila kunitazama.

Mwezi mzima ni saba tu; mgonjwa namba 8 sikumwona.

Jana matroni akaja kuonyeshwa tovuti yenyewe, kadi ikiwa imeshaunganishwa. Bosi wetu anajiona mchekeshaji. "Aje dada wa chai abonyeze," akasema. "Huyu akiweza, hata ng'ombe ataweza."

Wakacheka wote isipokuwa matroni. Nikafuta mikono kwenye khanga, nikakaa. Nilianza ukurasa wa kwanza kama mgonjwa. Nikaandika jina, nikachagua siku, nikabonyeza. Kadi ikaja tupu. Haina jina, haina siku, haina daktari. Kitufe cha ENDELEA kimekaa peke yake kama kiti uani. Nikakibonyeza, ukurasa ukawa mweupe pee. Nikatazama anwani kule juu. Pale mwisho, baada ya kimstari cha mshazari ambapo Injinia huweka saba yake, hapakuwa na kitu. Ukurasa wa nyuma haukuipa kadi namba yoyote.

Kabla sijafungua mdomo, Injinia alisharuka. "Umebonyeza nini wewe? Kabonyeza mara mbili huyu! Mikono ina maji!"

Bosi akamwomba matroni arudi kesho, halafu akanigeukia. "Ikithibitika ni wewe uliyeharibu, kesho hiyohiyo unachukua ndala zako."

Nyumbani tunaoishi kwa deki ile ni wanne. Nikaosha vikombe, cha Injinia nikakisugua mara mbili.

Leo asubuhi matroni karudi, miwani shingoni. Injinia kaja na shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Hakufungua tovuti. Alifungua kompyuta yake, akaileta kadi yake, peke yake katikati ya weupe, na saba yake mwisho wa anwani. Jina hilo, siku hiyo, daktari huyo. Akabonyeza. Ameelekezwa.

"Mama, kazi ni nzima," akamwambia matroni. "Jana ilikuwa mikono ya mtu."

Bosi akaitikia kwa kichwa polepole, kama hakimu wa kwenye sherehe. "Dada, umesikia mwenyewe."

"Ngoja kwanza," matroni akasema. "Wagonjwa wangu nusu hawaoni vizuri. Hapo wataingilia wapi?"

"Hayo ni mambo ya ndani, mama. Ya kiufundi."

Ufundi! Mtu kajenga chumba, kajibebea mgonjwa mgongoni akamweka ndani, sasa anatangaza kwamba mlango unafunguka. Na bosi anamwitikia kwa sababu ya shati.

Nikaweka sinia mezani. Mikono ilikuwa mikavu, nilihakikisha.

"Kaka Injinia," nikasema, "hiyo saba uliiandika mwenyewe. Ifute. Halafu nenda ukurasa wa kwanza wa tovuti, ujaze kama mgonjwa, uje mpaka hapo kwa kubonyeza tu. Usiandike anwani."

Bosi akafungua mdomo. Matroni akamwinulia kiganja, akavaa miwani, akavuta kiti mpaka kikagusa meza.

Injinia akashika kipanya. Akakiachia. Akachukua kikombe, akanywa, na chai nilikuwa bado sijammiminia.

"Kwa kubonyeza tu, kaka," nikamwambia taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni choo kilipo. "Tunakusubiri."

Akaikazia macho ile saba.