Mtani Aliyekataa Kuuliza

Baba yangu, mzee Alfonsi, alikataa kufa kwa sababu ya kriketi. Nalisema wazi kwa kuwa kuna watu hapa Malangali wanaeneza kwamba alikuwa akimsubiri mwanawe wa Dodoma, na wengine wanadai alikuwa na jambo zito la kumalizana na Mungu. Waongo wote. Alikuwa anasubiri India na Australia wamalize mechi yao ya tano. Mimi Klementina, binti yake niliyekuwa nikimlisha uji kwa kijiko, ndiye ninayejua.

Lawama ya kwanza namtupia Wiliam, fundi madishi. Nina kibanda cha kuonyeshea mpira, mabenchi machache na televisheni moja, na mvua za masika zilipoyumbisha dishi nilimwita alirekebishe tuone ligi. Akapanda juu ya bati, akazungusha weee, akashuka anatabasamu. Kumbe alikuwa amenasa chaneli moja tu, na ndani yake kulikuwa na wanaume wazima waliovalia nyeupe tupu kama watoto wa Komunyo ya Kwanza, wamesimama uwanjani hawafanyi kitu. Vijana wakasubiri mchezo uanze. Wakasubiri mpaka mchana, wakaondoka wakinisema vibaya. Waliobaki ni wazee wawili, na hao walibaki kwa sababu nje kulikuwa kunanyesha: baba yangu na mzee Maganga.

Maganga ni Msukuma. Aliteremka na ng'ombe wake kutoka Shinyanga zamani sana, akaishia bonde la Muze, kisha akahamia mjini magoti yalipomgomea. Sisi Wafipa tunataniana na Wasukuma, na hawa wawili walikuwa wameufanya utani kuwa ajira. Baba alikuwa katekista mstaafu, kwa hiyo hakuwa na ruhusa ya kumtukana mtu mwingine yeyote duniani. Maganga alikuwa nafasi yake pekee, na aliitumia vizuri kila asubuhi.

"Hawa wenye kofia za bluu ni wa wapi?" Maganga aliuliza siku ile.

"India," Wiliam akajibu.

"Wale wanaoheshimu ng'ombe?"

"Haohao."

"Basi mimi niko huko. Watu wanaoheshimu ng'ombe hawafungwi."

Baba hakuuliza lolote. Alisema tu, "Basi mimi niko na hao wengine," na hivyo ndivyo Australia ilivyoingia nyumbani kwetu.

Kesho yake walirudi wajue nani ameshinda. Mechi ilikuwa bado. Keshokutwa bado. Wiliam akawaeleza kwamba mechi moja huchezwa siku tano, kwamba mechi zenyewe ni tano, na kwamba katikati wachezaji husimama wakale chakula cha mchana, halafu husimama tena wakanywe chai. Nilidhani wazee watakata tamaa. Wapi! Baba alikaa sawa kwenye benchi macho yakimwaka. "Huu ndio mchezo wa watu wenye akili," alisema. "Wale wa mpira wa miguu wana haraka ya kwenda wapi?" Palizi ya mahindi mwaka ule tuliifanya wanawake peke yetu.

Hawakuelewa kitu, msidanganyike. Siku ya kwanza India ilipofikisha mia tatu na Australia haina hata moja, baba alisusa chakula kwa aibu, mpaka Wiliam alipokuja kumweleza kwamba Australia walikuwa hawajapewa zamu ya kupiga. Hata hivyo kibanda kilijaa. Wafugaji walikaa upande wa Maganga, wakulima upande wa baba, na watu waliokuwa wakisali jumuiya moja wakaacha kusalimiana. Kwa kuwa televisheni ni yangu, walinifanya mwamuzi wa ugomvi wao. Wakibishana kama mpigaji ametoka au hajatoka, nikinyanyua kidole cha shahada, ametoka. Nilikinyanyua mara nyingi nikiwa nimeshika mwiko, ilimradi wanyamaze.

Siku moja mpira ulimgusa mpigaji wa Australia mguuni, mbele kabisa ya vile vijiti vitatu anavyovilinda, kosa la kumtoa mchezoni. Kibanda kizima kiliona, hata paka aliona. Lakini wachezaji wa India walinyamaza, na mwamuzi wa uwanjani naye akanyamaza, na yule mpigaji akaendelea kupiga kana kwamba hakuna kilichotokea. Maganga alivua kofia akaitupa chini.

"Ametoka yule! Mbona hawamtoi?"

"Hawajauliza," Wiliam akasema. "Sheria iko hivyo, mzee. Wapinzani lazima wanyanyue mikono wamuulize mwamuzi: vipi? Wasipouliza, hatoki, hata kama kila mtu ameona."

"Hata yeye mwenyewe akijua?"

"Akijua anaweza kuondoka kwa hiari yake. Asipotaka, anabaki."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Kuanzia hapo kibanda changu kilikuwa na kelele moja tu. Mpira ukigusa chochote, nusu ya watu wanasimama mikono juu, "Vipiii?" Watoto walikuwa wakiulizana njiani kwenda kisimani. Mama mmoja alimuuliza mume wake aliyerudi amelewa, mikono juu, mbele ya majirani, na majirani wakageuka kunitazama mimi.

Kile kikohozi cha baba hakikuwa cha kicheko. Mechi ya nne ilipokwisha, timu zikiwa zimeshinda mbili mbili, alishindwa kuinuka kwenye benchi. Hospitali walimpima, wakamwekea maji, mwishowe daktari akaniita pembeni akasema moyo umechoka, mama, mrudishe nyumbani akae na watu wake. Padre Edwin akaja kumpaka mafuta. Alipomaliza, baba akamshika mkono na kumwambia, "Asante, padre. Lakini mimi siondoki kabla ya mechi ya tano." Padre alikuwa mgeni parokiani, akadhani ni fumbo la kiroho, akaitikia amina.

Kwa hiyo televisheni ikahamia chumbani kwa baba, na kibanda kizima kikaifuata. Nisingeweza kuwafukuza, walikuja wanabisha hodi, wamebeba mabenchi yangu. Wafugaji wakakaa dirishani, wakulima miguuni pa kitanda. Shangazi Bertilla alikuja kutoka Kirando na gunia la dagaa la msiba, ameshajifunga khanga tayari kwa kulia. Akakuta marehemu amekaa juu ya mito anabishana. Alinuna kutwa nzima. Siku iliyofuata alikuwa upande wa India, amesimama juu ya kigoda, anauliza "Vipiii?" kwa sauti ambayo alikuwa ameitunza kwa ajili ya makaburini.

Maganga hakutoka kabisa. Kiti chake kilikuwa kando ya kichwa cha baba, na asubuhi nikiamka namkuta anamtukana taratibu, huku akimgeuza mto upande wa baridi. "Ninyi Wafipa mnasifiwa kwa kuwatumia watu radi," alikuwa akisema. "Leo mnashindwa kumwangusha Mhindi mmoja mwenye ubao?" Baba akijibu, Maganga anafurahi. Baba asipojibu, Maganga ananiangalia mimi, nami najifanya natafuta kitu chini ya kitanda. Nilikuwa na hasira naye, niseme ukweli. Nilitaka baba apumzike. Usiku alikuwa akivuta pumzi mojamoja kwa taabu, na kila pumzi ilinikata mimi.

Siku ya mwisho ya mechi, asubuhi kwetu lakini mchana kwao India, mpigaji mmoja wa Australia alikuwa amegoma kutoka. Hakutafuta ushindi, alikuwa anauzuia tu mpira, tok, tok, ili siku iishe mechi iwe sare. Baba alimtazama muda mrefu. Halafu akageuza kichwa.

"Maganga. Umeona nimeguswa."

"Sijaona kitu."

"Nimeguswa. Watu wote humu ndani wameona. Uliza."

Watu wakaacha kutazama televisheni. Hata Shangazi Bertilla alishuka kwenye kigoda.

"Siulizi," Maganga akasema.

"Msukuma wewe, uliza nikapumzike."

"Ukitaka kutoka, toka kwa hiari yako. Mimi mpinzani wako sina swali."

"Mzee Maganga," nikasema, "tafadhali."

"Siulizi, mwanangu! Nimuulize nani? Nikiuliza wewe utanyanyua kidole, nakujua."

Baba akatabasamu. Nadhani alifurahi, sina hakika, ila namjua. Kwenye televisheni wachezaji wakaanza kuondoka kwenda kunywa chai, na watu wetu nao wakatoka nje kujinyoosha. Nikaenda jikoni kuipua ya kwetu. Niliporudi na birika, Maganga alikuwa ameushika mkono wa baba kwa mikono yake yote miwili, anakodolea uwanja mtupu.

"Amepumzika kwa chai tu," aliniambia. "Watarudi sasa hivi."

Wale wa uwanjani walirudi. Mechi iliisha sare, na mfululizo wote sare. Majuma yote yale, mtaa mzima hausalimiani, na hakuna aliyeshinda.

Makaburini, mtani akiingia kaburini watu hawashangai. Ndiyo kazi yake. Atazuia mazishi, atamwigiza marehemu, watu watacheka kidogo katika kilio chao, atapewa kuku, atatoka. Kwa hiyo Maganga alipoteremka na fimbo yake, akaketi chini kule, Shangazi Bertilla alikuwa ameshamwandalia jogoo.

"Kuku sitaki," sauti ikatoka shimoni.

"Unataka nini sasa?"

"Sitaki kitu. Hamuwezi kumzika mtu ambaye hajatoka. Hakuna aliyeuliza."

Watu wakacheka. Wakamwongezea kuku wa pili. Akakataa. Padre Edwin alimuuliza Wiliam kinachoendelea, na Wiliam, kwa heshima zote, akamwekea padre sheria za kriketi sikioni, mbele ya jeneza. Padre alisikiliza mpaka mwisho. "Hata kama kila mtu ameona?" akauliza.

"Hata hivyo, padre."

Ndipo mvua ikaanza. Wale wafugaji na wakulima waliokuwa hawasalimiani wakakimbia pamoja, wakavuta turubai, wakalifunika kaburi haraka kama walivyoona vibarua wa uwanja wakifanya India, na Maganga yumo ndani. Hakuna aliyekumbuka kwanza kumtoa. "Ikikatika tunaendelea!" alipiga kelele kutoka chini. Basi nifanye nini? Nikaagiza chai. Waombolezaji wote wakanywa chai chini ya miti, padre naye akapewa kikombe, na kikombe kimoja kikapitishwa chini ya turubai. Mkono ukakipokea.

Mvua ilipokatika wakafunua. Maganga alikuwa amekishika kile kikombe kikiwa kimejaa bado, analia, na safari hii hakuna aliyecheka. Nilipiga magoti kwenye tope nikampa mkono wangu. Nilimwambia, "Baba alikuomba wewe, mzee. Hakuniomba mimi." Hasira yangu yote ilikuwa imekwisha, nilimwonea huruma, na nilijionea huruma mimi pia.

Akapanda, wanaume wawili wakimvuta. Akasimama kando ya jeneza, akajipangusa udongo magotini, akavaa kofia vizuri. Kisha akanigeukia mimi, si padre wala Wiliam, akanyanyua mikono yote miwili juu.

"Vipi?" aliuliza, polepole, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani.

Watu wote wakanitazama. Wiliam alishawahi kusema kwamba mwamuzi halazimishwi kujibu haraka, na mimi sikutaka kujibu. Nilitaka nitikise kichwa, turudi wote kibandani, baba akae benchi lake. Lakini mikono ya Maganga ilikuwa bado juu, na asingeishusha kabla sijajibu.

Nikanyanyua kidole.