Kijiko Kaoa Mvua

Mdogo wangu alikuwa hajui kusuka. Nasema hivi nikiwa nampenda, na nasema kama msusi mwenye saluni yake, vioo viwili na kiti cha kuzunguka: yule alikuwa hajui kusuka hata kamba ya mbuzi. Akimsuka binti yake, mistari inaanza vizuri kwenye paji la uso, ikifika utosini inapotea, inakwenda kutembea, inarudi imechoka. Mtoto anatoka nje na kichwa kama shamba lililolimwa na mlevi. Na anatoka anacheka, hilo ndilo lililokuwa linaniudhi. Wateja wangu mimi, tena wanaolipa, wanatoka wanafuta machozi.

"Niletee huyo mtoto nimtengeneze," nilikuwa nikimwambia.

"Hataki. Kwako hakuna mashairi."

Mashairi! Upuuzi mtupu. Tuliishi nyumba moja, vyumba vinatazamana, na kila Jumapili mchana nilikuwa nawasikia kupitia pazia. *Kijiko kaoa mvua, mahari kalipa pua.* Kisha linafuata jambo la bata, kisha maneno ambayo hayapo duniani, tindi sijui bindi, na mtoto anacheka mpaka pumzi inamkata. Nami nikipiga kelele kutoka kwangu, "Jamani, pua inalipaje mahari?" Wote wawili wanaitikia, "Taratibu!" Wanaanza kucheka upya, sasa wananicheka mimi.

Huyo mtoto tulimpachika jina la Sisimizi, kwa udogo wake na kwa kutotulia. Baba yake alishapotea zamani, hatumhesabu. Walikuwa wao wawili na kijiko chao.

Mdogo wangu aliumwa homa, tukaona homa tu. Akaenda hospitali kwa miguu yake, mkoba begani, ananiagiza nisiunguze maharage. Hakurudi. Jana yake alikuwa amemsuka mtoto.

Msiba sitaki kuueleza. Watu walikuja, wakalia, wakala, wakagawana nguo za marehemu kama ndugu wanavyofanya, wakaondoka. Sisimizi akabeba mto wake akahamia chumbani kwangu. Ananiita Mama Mkubwa, kwa kuwa nilimtangulia mama yake kuzaliwa, na sasa nikawa mama kweli, jina likageuka kazi.

Alikula. Alikwenda shule. Alioga bila kusukumwa. Lakini nikisogeza mkono kwenye kichwa chake, anaruka kama amepigwa na umeme.

Mwanzo nilimwacha. Nilijua anachokilinda, hata mimi ile mistari iliyopinda nilikuwa siachi kuiangalia. Ila nywele hazina huruma, zinaota. Misuko ikafura kwenye mizizi, ikashikana, vumbi likaingia, harufu ikaanza. Na mimi ni msusi! Wateja wanamwangalia, wananiangalia, wanajifanya kusoma magazeti. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini si kwa mtoto wa marehemu. Akawa anajikuna mpaka kucha zinatoka na damu. Nesi wa zahanati alichungulia nyuma ya sikio akasema chini kuna vidonda, zifumuliwe mara moja, vikizidi itabidi zinyolewe zote.

Kaka yetu, fundi wa kuchomelea vyuma, alipopata habari alikuja na ushauri. Kaka yetu haji mikono mitupu, daima ana ushauri.

"Tatizo liko wapi? Mimi namshika, wewe unafumua. Atalia, atanyamaza."

"Mguse uone," nikamwambia. "Mguse, na mimi nikunyoe wewe, kuanzia nyusi."

Akaondoka ananung'unika kwamba nina kichaa. Ninacho. Kama hakujua alikuwa hajaniangalia vizuri. Mtoto ameshanyang'anywa mama bila kuulizwa. Sasa tumkalie juu tumnyang'anye na misuko? Thubutu! Nilitaka aniruhusu mwenyewe. Nilitaka hilo kuliko kitu chochote, kwa sababu nilijua nikimlazimisha mara hiyo moja, sitakuwa mama yake tena, mkubwa wala mdogo.

Basi nikajaribu njia ya marehemu. Nilimketisha kwenye mkeka, nikakaa nyuma yake, nikalainisha sauti.

"Kijiko kaoa mvua, mahari kalipa—"

"Usiseme!" Ameziba masikio, analia kwa sauti ambayo sikuisikia hata makaburini. "Usiseme! Usiseme!"

Nikajua nimelikosea. Mtu mzima mzima, nimekosea shairi la kijiko! Na sikuwa na pa kulisahihishia. Wimbo wenye maana ukiusahau unaweza kuukisia: kama mwindaji yuko porini, utajua kinachofuata ni mnyama. Lakini kijiko kilichooa mvua, kesho yake kinafanya nini? Bata anaingilia wapi? Niliingia chumbani kwa mdogo wangu, nikakaa kwenye kitanda kisicho na shuka, nikamgombeza kwa sauti. Nilimuuliza kwa nini hakuimba mambo ya watu wenye akili zao, ambayo mtu akibaki anaweza kuyaendeleza.

Halafu nikawaza: alikuwa mtu wa kuazima vitabu, labda alilitoa humo. Nikafunga saluni, nikaenda maktaba. Sikuwa nimeikanyaga tangu shule. Mkutubi, dada mmoja mwenye mafua makali, alinisikiliza namtajia kijiko na pua bila hata kutabasamu, akanipeleka kwenye rafu ya chini kabisa.

"Ya upuuzi yako hapa," akasema.

Nikaona vitabu vimechakaa, vimebandikwa gundi, vingine havina majalada. Nikamwambia, nyie mbona hamtunzi mali? Akacheka, akapenga kamasi.

"Mama, tazama rafu ya juu. Vile ni vya mafunzo: mtoto mtiifu, mtoto mvivu. Vinarudi kama vilivyoondoka. Hivi vya chini ndivyo ninavyovishona kila mwezi. Vingine nilivisoma mwenyewe nikiwa mdogo, na bado vinagombewa."

"Vina nini cha ajabu?"

"Hakuna anayemuuliza mtoto amejifunza nini. Anaambiwa tu, naye anamwambia mwenzake." Akanipigia mhuri vile nilivyochagua. "Ila hilo lako silijui. Kama mama alilitunga mwenyewe, hapa hutalikuta."

Nilivichukua hivyohivyo. Nikamsomea Sisimizi jikoni, nimeegemea meza, sauti ya kiofisi, maana ndiyo niliyonayo. Kulikuwa na fisi aliyekwenda kushtaki kivuli chake. Kulikuwa na mzee aliyefuga jino. Nilipofika kwenye lile jino likidai chakula cha jioni, nikasikia kitu. Nikainua macho. Sisimizi alikuwa anacheka. Kicheko kidogo, chenye kutu, lakini ni kile. Jamani, nilisahau nilipofikia. Nikarudia lile jino, akacheka tena, na mimi nikacheka, tukacheka kama wehu wawili, na nikaona sasa ndiyo saa yenyewe. Nikanyoosha mkono, nikagusa msuko mmoja, ncha tu.

Kicheko kikazimika palepale. Akasogea mpaka ukutani.

Hapo nikachoka. Niliketi chini sakafuni, na kitabu changu cha kuazima, nikalia mbele yake bila kuficha.

"Sisimizi, mama yangu, nifundishe basi. Nifundishe lile la mama yako niliseme sawasawa. Niambie nilikosea wapi."

"Hukukosea."

"Sasa ulilia nini?"

"Ulisema vilevile."

Nilifuta kamasi kwa mgongo wa mkono. Sikuelewa, nikamwambia sikuelewa. Akawa anachora chora ukuta kwa kidole.

"Mke wa mjomba alichukua gauni la mama la njano."

"Ndiyo. Alipewa."

"Alikuwa dukani, amelivaa, amenipa mgongo. Nikakimbia nikamkumbatia." Kidole kikasimama ukutani. "Akageuka."

Mungu wangu. Na hakuna aliyetuambia. Yule mwanamke alirudi nyumbani na mkate wake, hakusema neno.

"Ukinisuka unakaa nyuma," Sisimizi akaendelea, polepole, kama anayemweleza mtu mzito wa kuelewa. "Sikuoni. Na sauti yako ni kama yake. Ukilisema nitajua ni mama. Halafu nitageuka."

Nilikuwa nimezunguka mji mzima natafuta shairi la kumpa, kumbe ndilo lilikuwa linamtisha kuliko kitana. Nilimvuta nikamkumbatia kwa mbele, uso kwa uso, ili asipate shaka ni nani.

Baadaye nikamuuliza, "Je, nikifumua kimya? Sitasema kitu."

Akafikiri. "Hapana. Ukinyamaza nitasubiri aanze."

"Sasa tufanyeje, mama?"

"Ongea ya kwako," akasema. "Ile ya kugomba."

Basi tukaketi. Nikalowesha misuko kwa maji ya uvuguvugu na mafuta, nikaanza kufumua, na nikagomba. Nilianza na mwenye nyumba na paa lake, nikaenda kwa kaka yetu na geti alilotuchomelea ambalo halifungi, nikapita kwa muuza mkaa, nikamrudia mwenye nyumba. Kwenye kila ncha mdogo wangu alikuwa amefunga uzi mweusi kwa mafundo mengi, maana hakuwa na imani na kazi yake mwenyewe. Niliyafungua moja moja. Vidole vyake ndivyo vya mwisho kuyashika kabla ya vyangu. Kila nikihisi sauti inataka kupasuka namtukana mtu mwingine.

Chini ya mikono yangu kichwa kilikuwa kimetulia, lakini taya lilikuwa linacheza. Mwanzo nilidhani analia. Kisha nikahisi mwendo wake: linapanda, linashuka, linasimama kidogo, linapanda tena. Alikuwa analisema. Mwenyewe, chini kwa chini, kijiko na mvua na bata, lote, kwa mpangilio wake, lile nililolitafuta mpaka kwenye rafu za watu. Ningenyamaza kidogo tu ningelipata. Ila lilikuwa lao.

Nikapaza sauti. Nikamgombeza mwenye nyumba mpaka majirani wakatoka nje, ili nisilisikie.