Uzio wa Mzee Hashil

Kila ubao ulipong'olewa, Bi Azza alipiga makofi. Alisimama kizingitini mwa nyumba namba nane, kanga moja kiunoni na nyingine begani, akiwashangilia mafundi wawili kama mtu aliyealikwa ngomani. Misumari ililia ikichomoka. Mumewe, Mzee Hashil, aliketi barazani, na mbele yake alisimama Mwanne, katibu wa kamati ya wakazi, amekumbatia jalada kifuani.

"Mita moja na themanini," alisema Mwanne, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Kanuni inasema uzio usizidi mita moja, mzee wangu. Na mbao haziruhusiwi."

"Kanuni naijua, mwanangu. Nilikueleza kwa nini niliujenga."

Alikuwa amemweleza mara mbili, tena kwa barua. Bi Azza alikuwa amepotewa na kumbukumbu, na kila alipoona njia aliifuata. Mzee Hashil, aliyefanya uwakala wa forodha bandarini miaka thelathini, alinunua mbao zilizokuja na mizigo, akazipiga randa kwa mikono yake, akazungushia ua mdogo wa mbele ili mkewe apate jua bila kushikwa mkono kama mfungwa. Miezi mitano Bi Azza alizunguka humo akimwagilia mirehani yake na kuimba, hana habari kwamba duniani kuna geti.

Kamati ilikuwa na uwezo wa kumruhusu. Lakini ombi la ruhusa lilipokewa tu kutoka kwa mkazi asiyedaiwa ada ya huduma: ada ya jenereta, kisima, ulinzi na bustani. Mzee Hashil alikuwa nyuma miezi minne, kwa sababu dawa hazingoji. Barua yake Mwanne aliiweka chini kabisa ya jalada, akajiambia kwamba sheria ni msumeno.

Hakuwa mtu mbaya. Alikulia Kariakoo kwenye nyumba ya vyumba vinane, familia nane na choo kimoja, ambamo haki ilikuwa ya mwenye sauti kubwa. Aliuza vitenge miaka kumi na miwili hadi akapata nyumba katika Makazi ya Mnazi Pacha, pale mtaa wa Gerezani, na siku aliyokabidhiwa kijitabu cha kanuni alikisoma usiku kucha kama barua ya mchumba. Hatimaye mahali ambapo mdomo haukushinda! Na tukisema kweli, alipenda pia jinsi Bwana Samson, mwenyekiti, mwenye ofisi mjini Posta, alivyomsifu mbele ya watu: "Bila Mwanne, kamati hii ni jina tu."

Siku ya tatu baada ya uzio kuondoka, Bi Azza naye aliondoka. Allan, mlinzi, alikuwa amelifungulia geti lori la maji taka, na mama wa watu akapita ubavuni mwa lori hilo, peku, bila haraka.

Mvua ilikuwa imenyesha, na kila mtu alifikiria bonde la Jangwani na mafuriko yake, wala hakuna aliyethubutu kulitamka jina hilo mbele ya Mzee Hashil. Wakamtafuta bondeni na hospitalini. Ni Mwanne aliyempata, siku ya pili mchana, kule kule Kariakoo, kwenye ngazi za ghorofa la maduka lililosimama palipokuwa na nyumba ya baba yake Bi Azza zamani za utoto wake. Mkokoteni ulikuwa umempitia mguuni, na mguu ulikuwa umevimba kama muhogo uliolowekwa. Mapajani pake palikuwa na sarafu alizotupiwa.

"Ombaomba huyo, dada," alisema kijana wa dukani. "Yuko hapa tangu jana. Hata ukimfukuza haondoki."

Bi Azza aliinua macho. "Nawangoja wafungue," alisema kwa adabu. "Wamechelewa leo."

Ndani ya bajaji Mwanne alilia hadi dereva akapunguza sauti ya redio.

Kwenye kikao kilichofuata alisimama kuomba Mzee Hashil aruhusiwe kurudisha uzio wake. Bwana Samson alimsikiliza hadi mwisho, akatabasamu.

"Sote tunampa pole mzee wetu. Lakini tukimruhusu mmoja, kesho kila mtu atajijengea boma lake. Na ada amelipa?"

"Hajalipa."

"Basi, katibu, kanuni unaijua kuliko sisi. Kuna wa kumuunga mkono?"

Watu waliinamia simu zao. Mwanne alikaa, akashika kalamu, na kwa mwandiko wake mzuri akaandika: *Hoja haikuungwa mkono.*

Mzee Hashil alinunua kufuli. Tangu hapo, kuanzia asubuhi, Bi Azza aliupiga mlango kwa viganja, akiita majina ya watu waliokwishakufa. Kwenye kundi la simu la wakazi malalamiko yakaanza kwa pole na kumalizika kwa ghadhabu. *Tumenunua utulivu hapa*, aliandika mmoja. Bwana Samson akaagiza barua ya onyo kuhusu kelele, na Mwanne akaiandika. Mkono uliyajua maneno. Hakuhitaji hata kufikiri.

Jumamosi, saa nne asubuhi, aliipeleka mwenyewe. Mzee Hashil alikuwa barazani, nje ya mlango aliokuwa ameufunga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu." Aliona macho ya Mwanne yakitazama kufuli. "Nakaa huku kwa sababu nikiwa ndani analia zaidi. Ananiogopa. Anadhani mimi ndiye niliyemteka."

Akaivaa miwani, akaisoma barua yote, pamoja na muhuri. Ndani, viganja viliendelea kupiga.

"Uzio hamkuutaka," alisema taratibu. "Mlango nao hamuutaki. Sasa niambie, mwanangu, kanuni ipi inasema nimfanyeje? Nitaifuata. Wallahi nitaifuata."

Hakuwa anakejeli. Hilo ndilo lililomkata Mwanne maini: mzee aliuliza kwa dhati, akingoja namba ya kifungu.

Makofi yakakoma. Vidole vyembamba vikatokeza katikati ya nondo za dirisha la barazani, vikaukamata mkono wa Mwanne kwa nguvu asiyoitegemea.

"Mboni!" Bi Azza aliita, uso umejaa furaha. "Mboni, umekuja!"

"Dada yake," alinong'ona Mzee Hashil. "Alifariki wakiwa wadogo."

Bi Azza alimchunguza kupitia nondo, kisha furaha ikazimika usoni pake, ikaingia huruma.

"Maskini. Nawe wamekufungia nje?"

Simu ya Mwanne ilitikisika mfukoni. Aliitoa kwa mkono uliokuwa huru. Bwana Samson: *Barua imefika?*

Akaizima. Akasogea karibu zaidi na dirisha, kwa sababu Bi Azza alikuwa amechoka kunyoosha mkono. Mwanne akakaa kwenye ukingo wa baraza, ubavu ukutani, akaupitisha mkono wake kwenye nondo, akauacha humo humo ndani.