Caomhán wa Kwanza

...na kwa nini lazima liwe jina zima, kwani wakichonga "na mtoto wake" haitoshi, anawaza Caomhán, mikono mfukoni, akiutazama mkono wa Réamonn mchongaji uliosimama na chaki mbele ya jiwe la mama, maana Sorcha, dada yake, anataka chini ya jina la mama pachongwe Caomhán Ó Maoláin, yule kaka wa wiki tatu aliyekufa kabla yeye hajazaliwa, akamwachia jina kama mtu anavyoachiwa shati, ndivyo walivyofanya hapa kisiwani Inis Mór, mtoto akifa anayefuata anapewa lilelile lisipotee... na jina lenyewe sasa, Caomhán, kipenzi kidogo, halafu Ó Maoláin, mjukuu wa mwenye upara, nusu hiyo angalau ameitimiza, Boston, Perth, Rotterdam, kila meli aliyopikia aliwaeleza mabaharia maana yake, wakamtazama kichwa, wakacheka hadi supu ikapoa... lakini kurudi Ireland usome jina lako kaburini ungali unapumua, hapana, atakataa, Réamonn anasema kitu kuhusu watalii, kwamba wakilisoma jiwe kisha wakimkuta baa watakimbia, na Sorcha anadakia, "Usijione, bwana, si wewe tunayekuzika, wewe bado unatusumbua," na upepo unakula maneno mengine, mvua, chai, sijui nini... mama naye, enzi zile za utoto, mlangoni jioni, akiita Caomhán, yeye anakuja mbio na matope hadi magotini, mama anamshika bega lakini macho yake yanabaki njiani, kidogo tu, kama anayengoja mgeni, naye akajua hakumtosha, hilo hasa ndilo lililompandisha meli, sema ukweli, mzee mzima, si mshahara, si kuiona dunia... kumbe mama aliita mara moja na walioitwa ni wawili, mmoja akaja, mmoja hakuja, hakuwa anampima yeye hata kidogo, alikuwa anangoja, miaka yote ile alikuwa anangoja tu, na yule mdogo hana hata herufi moja ya kwake popote duniani... "Sasa, Caomhán," anasema Réamonn taratibu, chaki bado hewani, "niandike au nisiandike?" naye anatoa mikono mfukoni, mzaha wote umemwisha, mwandike, anataka kusema, mwandike jina lote, na herufi zake ziwe kubwa kama za mama.